Shule Isiyofunga Milango Saa Tisa

Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 85,000 kutoka pande zote za dunia. Vyombo vya habari vilizungumzia zaidi Syria, lakini kundi kubwa kuliko yote lilitoka Kongo: watu 16,370. Wengi wao walikuwa wamekaa miaka mingi katika kambi na makazi ya Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda kabla ya kupata safari. Walishuka Texas, Kentucky, Ohio na Arizona wakiwa na bahasha zao za hati, na katika familia nyingi Kiswahili ndicho kilichozungumzwa njia nzima.

Miongoni mwao wamo vijana waliozaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu, mkoani Kigoma, kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kivu. Mtoto wa huko alisoma mtaala wa Kongo na kufundishwa kwa Kifaransa, katika darasa lililofurika, kisha akirudi nyumbani akazungumza Kiswahili au Kibembe. Akifika Marekani na miaka 15, hapangiwi darasa kwa kutazama alichosoma. Anapangiwa kwa umri wake. Wiki hiyo hiyo anajikuta mwanafunzi wa darasa la tisa, mbele yake kitabu cha biolojia cha Kiingereza. Msaada wa awali wa mapokezi kwa familia yake una ukomo wa siku 90, na baada ya hapo kodi ya nyumba ni juu ya wazazi. Kazi inayopatikana upesi ni ya zamu ya usiku ghalani au katika kiwanda cha nyama. Mama akirudi alfajiri amechoka, au akiwa bado yuko kazini, mtoto mchanga atabaki na nani? Mara nyingi anabaki na dada yake mkubwa. Shuleni mwalimu anaita jina, kimya, anaandika: hayupo.

Shule ifanye nini ili binti huyo afaulu? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kumwongezea vipindi vya Kiingereza. Anavihitaji, hakuna ubishi. Lakini mambo yanayomtoa darasani yameanzia mbali na darasa: kodi, jino linalouma usiku kucha, barua ya mahakama ya uhamiaji ambayo hakuna aliyeielewa, mdogo wake asiye na mlezi, mama ambaye hakujua kwamba kulikuwa na kikao cha wazazi. Zipo shule ambazo tangu zamani ziliamua kwamba mambo hayo nayo ni kazi ya shule. Mhadhara huu unazitetea shule hizo, zinazoitwa shule za jamii, na unadai jambo moja zaidi: nguvu yake kubwa kwa mtoto wa mhamiaji haiko kwenye kliniki wala kwenye chakula. Iko kwa mzazi aliyepewa nafasi ya kweli ndani ya shule.

Msomaji wa Afrika Mashariki asichanganye shule hizi na shule za harambee za Kenya, zilizojengwa kwa michango ya wanakijiji. Hapa inazungumziwa shule ya umma, inayoendeshwa kwa fedha za serikali, ambayo imefunga mkataba na mashirika ya mtaani ili kliniki, ushauri nasaha, masomo ya jioni, wanasheria na madarasa ya watu wazima viwe ndani ya uzio wake. Kuna mratibu anayelipwa mshahara kamili kwa kazi ya kuunganisha hayo yote, ili mwalimu abaki kuwa mwalimu. Mwaka 2017 watafiti wa Learning Policy Institute na National Education Policy Center walipitia tafiti 143 na kuona kwamba shule za namna hii zilizofanikiwa zina mambo manne: huduma kwa mwanafunzi, muda zaidi wa kujifunza, ushiriki wa familia na mtaa, na uongozi wa pamoja. Mambo mawili ya mwisho ndiyo magumu, na ndiyo yanayoachwa kwanza fedha zikipungua.

Wazo lenyewe lilizaliwa kwa ajili ya wahamiaji. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House katika mtaa wa wahamiaji mjini Chicago, wakaanzisha chekechea, madarasa ya Kiingereza na vilabu vya jioni. Mwanafalsafa John Dewey aliyaona yaliyokuwa yakifanyika pale, na mwaka 1902 akawahutubia walimu kuhusu shule kuwa kitovu cha maisha ya mtaa. Lakini aliyelitoa wazo hilo kwenye hotuba na kulitia katika sekondari nzima ni mtu ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa mhamiaji, na ni haki akumbukwe kwa kirefu.

Leonard Covello alizaliwa mwaka 1887 huko Avigliano, kusini mwa Italia, akaletwa New York mwaka 1896. Jina la ukoo lilikuwa Coviello. Mwalimu aliona Covello ni rahisi zaidi kutamka, akalibadilisha, na mtoto akaenda nalo nyumbani kwenye ripoti ya shule. Baba yake alikasirika sana. Katika shule za siku zile mtoto alijifunza, bila mtu kumwambia waziwazi, kwamba lugha ya mama yake ni aibu na kwamba kuelimika ni kuwapa kisogo wazazi. Wazazi nao waliiona shule kama mahali panapowanyang'anya watoto wao na mshahara ambao watoto hao wangeleta. Kwa hiyo vijana wengi wa Kiitaliano waliacha masomo mapema wakaingia kazini. Maofisa wa elimu walisema Waitaliano hawapendi shule. Covello, ambaye baadaye aliandika tasnifu nzima kuhusu jambo hilo, alisema tatizo liko kati ya nyumba na shule, na kwamba shule ndiyo yenye wajibu wa kwenda kwanza.

Alikwenda. Mwaka 1934 alipewa uongozi wa sekondari mpya ya wavulana, Benjamin Franklin, huko East Harlem, mtaa uliokuwa na Waitaliano, Wapuertoriko, Wayahudi, Wamarekani weusi na wengine wengi katika majengo ya kupanga yaliyochakaa. Milango ilikuwa wazi mchana na usiku. Watu wazima walikuja jioni kujifunza Kiingereza na kujiandaa kwa mtihani wa uraia. Shule ilichukua vyumba vya maduka yaliyokuwa matupu mitaani na kuvifanya ofisi na vilabu vyake, ili mzazi anayeogopa lango kubwa la shule akutane na walimu mlangoni mwake. Wanafunzi walitumwa mtaa kwa mtaa kuchora ramani: nani anaishi wapi, anatoka nchi gani, kuna zahanati ngapi, kuna maktaba ngapi. Hesabu na uraia vilifundishwa kutokana na ramani hizo.

Kisha ikaja habari ya nyumba. Wanafunzi na wazazi waliona kwamba kijana anayelala katika chumba cha watu sita hawezi kusoma usiku, wakaanza kampeni ya kudai nyumba za serikali. Mbunge wa eneo hilo, Vito Marcantonio, alikuwa amewahi kufundishwa na Covello, na aliwasikiliza. Mwaka 1941 majengo ya East River Houses yalikamilika kando ya mto. Ni shule chache duniani zinazoweza kusema kwamba kazi yao ya darasani ilisaidia kuujengea mtaa nyumba.

Hayakuwa maisha ya amani wakati wote. Mwaka 1945 kulizuka ugomvi wa rangi shuleni hapo, na mwimbaji Frank Sinatra, mwenyewe mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, alifika kuwasihi wanafunzi waishi pamoja. Wapuertoriko walipozidi kuongezeka baada ya vita, Covello aliwafanyia yale yale aliyowafanyia Waitaliano: aliwaleta wazazi shuleni, akaipa heshima lugha yao, akatafuta walimu waliowafahamu. Alistaafu mwaka 1956. Shule ilififia na kufungwa mwaka 1982, mwaka ambao yeye alifariki huko Sicily. Kuna funzo chungu hapo kuhusu kazi inayobebwa na mtu mmoja, na litarudi mbele katika mhadhara huu.

Kaskazini zaidi ya East Harlem, katika mtaa wa Washington Heights kwenye kisiwa hicho hicho cha Manhattan, wahamiaji wa miaka ya 1980 na 1990 walitoka Jamhuri ya Dominika. Shule zilikuwa zimejaa kupita kiasi. Mwaka 1992 shirika la Children's Aid na idara ya elimu ya jiji walifungua shule ya kati iliyopewa jina la Salomé Ureña, mshairi wa Kidominika aliyeanzisha chuo cha wasichana nchini kwao mwaka 1881. Jina hilo mlangoni lilikuwa ujumbe kwa wazazi kabla hawajaingia. Ndani kulikuwa na zahanati na daktari wa meno, na chumba cha familia mahali palipo rahisi kuonekana. Shule ilikuwa wazi saa 15 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Mzazi aliyekuja kutafuta msaada wa barua ya nyumba aliishia kwenye darasa la Kiingereza, na baadhi ya wazazi wakaishia kuajiriwa pale pale.

Magharibi, mji wa Oakland huko California ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 ulitangaza kwamba shule zake zote zitafuata njia ya shule za jamii. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2007, ilikuwa imefunguliwa Oakland International High School, sekondari ya wanafunzi waliofika nchini karibuni tu. Mmoja wa walimu waanzilishi alikuwa Thi Bui, aliyeletwa Marekani akiwa mtoto mdogo na wazazi waliotoroka Vietnam kwa mashua, na ambaye baadaye alijulikana kama mchoraji na mwandishi. Wanafunzi wanatoka katika nchi zaidi ya 30. Wapo waliokwenda shule miaka miwili tu maishani, wapo waliofika mpakani peke yao bila mzazi.

Kuna jambo moja la shule hiyo ambalo linastahili kuigwa kila mahali. Walimu huwa na siku ya matembezi ya mtaani, na wanaowaongoza ni wanafunzi na wazazi. Kundi moja la walimu linapelekwa na familia za Guatemala, jingine na familia kutoka Yemen, jingine na Wakaren wa Myanmar. Mwalimu anaoneshwa msikiti, kanisa, duka linalouza unga wa nyumbani, ofisi ya mwanasheria, kituo cha basi anapopandia mwanafunzi wake. Anakaribishwa chakula, na wazazi wanamsimulia walikotoka. Siku hiyo mzazi ndiye mwalimu. Mwalimu anayerudi darasani baada ya hapo hawezi tena kumwona mwanafunzi aliyesinzia kama mvivu tu, kwa sababu ameiona nyumba ile na ameisikia habari ya zamu ya usiku.

Shule hiyo pia ina timu za mpira zinazoendeshwa na Soccer Without Borders, ina ushauri nasaha, ina madarasa ya Kiingereza kwa wazazi, na inawaunganisha wanafunzi na wanasheria wa uhamiaji. Huko Los Angeles, katika uwanja wa shule za Robert F. Kennedy, zilizojengwa mahali palipokuwa Hoteli ya Ambassador, kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha UCLA kilifungua kliniki ya sheria mwaka 2019 ndani ya uzio wenyewe wa shule, kwa ajili ya wanafunzi na familia zao. Mtu atauliza mwanasheria anahusiana vipi na alama za hesabu. Kijana mwenye kesi ya kurudishwa nchini alikotoka hukosa shule kila siku ya mahakama, na siku nyingine anakuwepo mwili tu. Akipata wakili, anapata tena sababu ya kufikiria mtihani wa mwaka kesho.

Sasa tuje kwenye ushahidi, kwa sababu upendo peke yake hauthibitishi kitu. Mwaka 2014 jiji la New York, chini ya meya Bill de Blasio, lilianza mpango mkubwa wa shule za jamii, likianza na shule 45 na kuongeza nyingine baadaye. Taasisi ya RAND ilizifuatilia, ikalinganisha shule 113 za mpango huo na shule nyingine zinazofanana nazo, na ikachapisha matokeo mwaka 2020. Mahudhurio yaliongezeka katika ngazi zote. Wanafunzi wengi zaidi walivuka madarasa kwa wakati, na waliomaliza sekondari waliongezeka. Makosa ya nidhamu yalipungua katika shule za msingi na za kati. Alama za hesabu zilipanda, lakini katika mwaka wa tatu tu. Alama za kusoma Kiingereza hazikuonesha mabadiliko ya kutegemewa.

Utafiti huo ulihesabu wanafunzi wote, wakiwemo wahamiaji na wazawa, kwa hiyo usomwe kwa uangalifu. Hata hivyo unaeleza mengi kuhusu mpangilio wa mambo. Kwanza mtoto anakuja shule. Akija, anavuka darasa. Akivuka miaka kadhaa, hesabu zinapanda. Kusoma kunachelewa. Kwa mtoto anayejifunza lugha mpya, jambo hilo halipaswi kumshangaza mtu. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alionesha tangu miaka ya 1980 kwamba mgeni huweza kuzungumza vizuri na wenzake uwanjani baada ya kama miaka miwili, lakini lugha ya vitabu vya shule humchukua miaka 5 hadi 7. Mwanasiasa anayetaka matokeo ya kusoma katika mwaka wa pili anadai kitu ambacho akili ya binadamu haikuumbwa kukitoa kwa haraka hiyo.

Utoro una kipimo chake Marekani: mwanafunzi aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo, yaani siku 18 kati ya 180, anahesabiwa mtoro sugu. Ni siku mbili tu kwa mwezi. Binti wa Kongo anayebaki na mdogo wake kila Jumatatu anapita kipimo hicho mapema kabisa. Shule ya kawaida itamtumia mzazi barua ya onyo, kwa Kiingereza. Shule ya jamii inayojua kazi yake itamtuma mtu nyumbani, igundue habari ya mtoto mchanga, itafute nafasi ya malezi ya watoto kabla mwezi haujaisha. Hapo ndipo takwimu za mahudhurio zinapopatikana. Hata miwani imo katika hesabu hiyo: katika mpango wa New York watoto walipimwa macho shuleni na waliohitaji miwani wakapewa bure, maana mtoto asiyeona ubaoni hatafundishwa kusoma na mwalimu yeyote.

Lakini kiini ni wazazi, na hapa wasomaji wa Kiswahili wana jambo la kuwaeleza wengine.

Kwetu mzazi anamkabidhi mtoto kwa mwalimu kwa imani kamili. Ukiitwa shuleni, ujue mtoto ameharibu. Mzazi asiyetokea shuleni anadhani amemheshimu mwalimu kwa kutoingilia kazi yake. Mwalimu wa Marekani anaisoma tabia hiyo kinyume: mzazi asiyetokea hajali masomo ya mwanawe. Pande mbili zinazomtakia mtoto mema zinadhaniana vibaya, na mtoto yuko katikati. Balaa jingine ni la lugha. Mtoto hujifunza Kiingereza upesi kuliko wazazi, basi anafanywa mkalimani wa nyumba: kwa daktari, kwa mwenye nyumba, na hata kwenye kikao kinachomjadili yeye mwenyewe. Baba aliyekuwa mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kijiji anasubiri mtoto wa miaka 12 amwambie ameambiwa nini. Mtoto akiamua kuificha habari ya alama mbaya, nani atajua? Heshima ya nyumbani ikivunjika, shule nayo imepoteza msaidizi wake wa karibu zaidi.

Dawa ya jambo hili inajulikana na wala si ghali. Mwaka 1998 wazazi wa Sacramento, California, walianzisha mpango wa walimu kutembelea familia. Walimu huenda wawili wawili, nje ya saa za kazi, na hulipwa kwa muda huo. Hawaendi kushtaki. Swali lao la kwanza ni matumaini ya mzazi kwa mtoto wake. Mpango huo umeenea katika majimbo mengi, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins umeona kwamba katika shule zinazoufuata kwa utaratibu, uwezekano wa mwanafunzi kuwa mtoro sugu ni mdogo. Mzazi wa Kiafrika anaelewa mara moja maana ya mgeni aliyefunga safari kuja kwake. Chai itachemshwa, na mazungumzo yatakayofuata hayawezi kupatikana kwa barua mia moja.

Kutembelewa hakutoshi, hata hivyo. Mzazi awe na kiti kwenye kamati inayoamua mambo: saa za masomo ya jioni, ajira ya mkalimani, chakula gani kipikwe kwa watoto Waislamu, fedha zitumike wapi. Shule nyingi zinazojiita za jamii zimejaa huduma, lakini mzazi yumo ndani yake kama mteja wa foleni. Anapewa mfuko wa chakula, anashukuru, anakwenda. Huo ni wema, na wenye njaa wanauhitaji, ila haujampa mtoto mtu mzima wa nyumbani anayeifahamu shule na kuweza kusimama upande wake. Covello alijua tofauti hiyo kabla ya wengi.

Uthibitisho mwingine unatoka karibu na nyumbani. Mwaka 2005, katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, magharibi mwa Uganda, vijana wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, waliunda chama walichokiita COBURWAS. Hawakungoja mfadhili. Walianza kwa kazi za mikono yao ili wenzao wapate karo, kisha wakafungua shule yao ya msingi ndani ya makazi na hosteli kwa wanafunzi wa sekondari, maana shule ya sekondari ilikuwa mbali. Mmoja wa waanzilishi, Joseph Munyambanza, alipata nafasi katika African Leadership Academy huko Afrika Kusini, kisha akaenda chuo kikuu Marekani. Wazazi wa Kyangwali hawakuhitaji kufundishwa umuhimu wa elimu. Walihitaji shule iliyo mikononi mwao. Kwa mujibu wa ripoti ya UNHCR ya mwaka 2023, asilimia 65 tu ya watoto wakimbizi wa umri wa shule ya msingi duniani walikuwa wameandikishwa, na sekondari asilimia 41. Pengo hilo la kati ya msingi na sekondari ndilo vijana wale walilishambulia kwa jembe.

Wapo wanaopinga shule za wageni peke yao, kama ile ya Oakland. Wanasema mtoto atajifunza Kiingereza na nani ikiwa wenzake wote ni wageni? Hofu hiyo ina uzito. Mtandao wa shule za Internationals, ulioanzia kwenye shule moja huko Queens mwaka 1985, una jibu lililofanyiwa kazi kwa miaka mingi: wanafunzi wa lugha tofauti wanakaa kundi moja, kazi ni za mradi, Kiingereza ndicho kinachowaunganisha, na lugha ya nyumbani inaruhusiwa pale inapomsaidia mtu kuelewa. Kila mwalimu, awe wa kemia au wa historia, ni mwalimu wa lugha pia. Kwa kijana aliyefika na miaka 17 akiwa na elimu ya darasa la pili, shule ya namna hiyo ni bora kuliko kukaa nyuma ya darasa kubwa asilolielewa hadi umri wa kuhitimu umpite. Kwa mtoto wa miaka 7, shule ya mtaa yenye watoto wa kila aina inafaa zaidi, mradi iwe na walimu walioandaliwa.

Hatari iliyo kubwa kuliko mabishano hayo ni fedha na hofu. Bajeti ya serikali kuu ya Marekani kwa shule za jamii ilipanda kutoka dola milioni 25 mwaka 2020 hadi milioni 150 mwaka 2023, na California peke yake ilitenga zaidi ya dola bilioni 4 kuanzia mwaka 2021. Fedha za ruzuku huja na kuondoka. Mratibu aliyejenga imani ya familia kwa miaka minne akiachishwa kazi, imani hiyo inaondoka naye, kama ilivyotokea East Harlem baada ya Covello. Kisha Januari 2025 serikali mpya ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na katika wiki hiyo hiyo ikafuta mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu shuleni, makanisani na hospitalini. Mzazi anayeogopa njia ya kwenda shule hatafika kwenye kikao hata kikiandaliwa kwa lugha yake. Kazi iliyochukua miaka kujengwa inaweza kubomolewa kwa tangazo la siku moja.

Sheria, hata hivyo, bado ina nguzo zake. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wanafunzi Wachina wa San Francisco waliokuwa wakikalishwa darasani bila kuelewa lugha walikuwa wamenyimwa elimu. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler iliyotoka Texas, iliamua kwamba hakuna mtoto anayeweza kuzuiwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 imetumika kuzitaka shule ziwasiliane na wazazi kwa lugha wanayoielewa.

Kwa hiyo mhadhara huu una ombi kwa Waswahili walioko huko, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania na Wakenya. Ukiitwa shuleni, nenda, na udai mkalimani mtu mzima. Mtoto wako asifanye kazi hiyo. Ukiambiwa hakuna wa Kiswahili, omba kwa maandishi na utunze nakala. Kamati ya wazazi ikitangaza nafasi, jiandikishe, hata kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza. Na wewe uliyetangulia miaka kumi, unayeijua lugha na mabasi na maofisi, mchukue mama aliyefika juzi, mpeleke mpaka mlango wa shule, ukae naye hadi kikao kiishe.